Seli Zilizokataa Kuonekana

Sura ya Sita

Kuluthum Miraji alihesabu vipande vya ubongo wa tumbili kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu kasoro robo, na hakikupungua hata kimoja. Alihesabu mara mbili. Alikuwa ametumikia polisi miaka kumi na tisa kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi mjini Nakuru, na polisi ukimwonyesha kuku watatu ataandika watatu, kisha akuulize wa nne umemficha wapi.

"Sitini na mbili," alisema. "Na kitabu kinasema sitini na mbili. Hakuna kitu imetoka kwa hii sanduku."

"Si nilikuambia, madam?" Daktari Cheruto alisema.

"Uliniambia. Hata wezi wa ng'ombe huniambia. Sanduku ndiyo nilikuwa nangoja iongee."

Daktari Cheruto alijaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Olenguruone, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kwa wiki tatu sasa watu wa Kituo cha Utafiti wa Tumbili, huko juu kwenye barabara ya Dundori, walikuwa wakimsalimia kama anavyosalimiwa mfiwa. Saa nane mchana wa siku hiyo kamati ingekaa kuamua kama alidanganya. Ikiamua hivyo, angefukuzwa, na barua ambayo ingemfuata ingehakikisha kwamba hakuna maabara nyingine itakayomfungulia mlango.

Kisa chenyewe kilianza na Koko. Huyo alikuwa tumbili jike aliyezeekea kwenye miti ya nyuma ya Kituo, mwizi hodari wa mkate wa jikoni. Miaka mitatu iliyopita alianza kutetemeka mikono. Akawa anatembea kwa hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani, na mkate ukakaa salama mezani. Halafu polepole, bila dawa ya mtu yeyote, akapata nafuu na kurudia wizi wake. Alipokufa kwa uzee mwezi wa pili, Daktari Cheruto aliomba ubongo wake. Alitaka kujua ni nini kilichomponya.

Kuluthum hakuona haya kuuliza maswali ya mtoto wa chekechea, kwa hiyo kufikia siku ya pili alikuwa ameielewa kesi vizuri. Kuna kemikali inayoitwa dopamini, ambayo husaidia mwili kuanza mwendo. Seli za neva zinazoitengeneza huwa chini, kwenye shina la ubongo, na kutoka huko hutuma nyuzi ndefu zinazopeleka dopamini mpaka sehemu ya katikati, striatamu. Shamba liko Dundori, soko liko Nakuru. Shamba likifa, soko hukauka, na mwenye ubongo huanza kutetemeka. Sasa Daktari Cheruto alikuwa ametangaza kwamba kwenye ubongo wa Koko ameona viazi vimeota sokoni kwenyewe: seli nzima nzima za dopamini, zimekaa ndani ya striatamu. Watafiti wa kwingine waliwahi kuona chache katika ubongo wa jamii ya nyani. Yeye alihesabu arobaini na moja katika slaidi kumi na mbili.

Kituo kizima kilisherehekea siku tatu. Kisha mwenzake, Daktari Sitati, akachukua vipande vilivyopakana na vile, vya ubongo ule ule, akavipitisha kwenye dawa zile zile kwa mikono ya fundi yule yule, na hakuona seli hata moja. Ndipo shutuma ilipozaliwa: kwamba Cheruto alichukua vipande vya shina la ubongo, mahali ambapo seli hizo zimejaa tele, akavibandika lebo ya striatamu.

"Mtu hawezi kumega ugali bila kuacha pengo," Kuluthum alisema, akifunga sanduku. "Shina la Koko liko kamili. Jana nilihesabu masanduku ya wale tumbili wengine wanne ambao ubongo wao umewekwa hapa, nayo ni kamili. Kama ulibadilisha, ulibadilisha na nini?"

"Niambie hiyo kamati."

"Ngoja kwanza. Bado kuna slaidi namba kumi na saba."

Slaidi namba kumi na saba ilikuwa na lebo mbili, moja juu ya nyingine, na Sitati alikuwa ameitaja kwenye barua yake ya mashtaka kwa wino mwekundu. Kuluthum aliishikilia juu ya mvuke wa birika la umeme mpaka gundi ikalegea, akaibandua ile ya juu kwa wembe. Chini yake palikuwa na maandishi yaliyofifia sana. Aliyainamia karibu na dirisha.

"Striatamu. Kumi na saba," alisoma. "Ni ile ile. Nani aliandika mara mbili?"

"Mzee Hafiz, fundi wetu. Walituletea kalamu mbovu, wino ukawa unatoka kwa spiriti. Akaandika tena na penseli."

"Ungeniambia hilo jana ningelala mapema."

"Hukuuliza, madam."

"Kweli, sikuuliza," Kuluthum alikubali, na akaandika kwenye daftari lake: lebo, bure.

Saa tatu alimkuta Daktari Sitati ofisini mwake, amekaa wima mbele ya dawati lisilo na hata karatasi moja. Alikuwa na sura iliyofaa kabisa kuwa ya mhalifu: nyembamba, imenyolewa vizuri, haicheki. Kuluthum alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Ufunguo wa kabati ya slaidi ulikuwa na nani mwezi wa nne?"

"Na mimi."

"Muda gani?"

"Wiki mbili."

"Kwa hivyo ungeweza kutoa slaidi nzuri ukaweka tupu."

"Ningeweza. Ningeweza pia kuchoma Kituo. Sikufanya."

"Mlikuwa mnashindania cheo na Cheruto."

"Nilitoa jina langu mwezi wa kwanza. Uliza Profesa."

Kuluthum alishamuuliza Profesa Wangare, mkurugenzi, na ilikuwa kweli. Alijikuna shingo.

"Basi mbona unamchimbia mwenzako?"

Sitati alishusha sauti.

"Madam, siku Cheruto alitangaza, mimi ndiye nilipiga makofi wa kwanza. Nikasema hii kitu ni kubwa, wacha niione mwenyewe kwa slaidi zangu. Nikaangalia siku mbili nzima. Nikapata sufuri. Ungekuwa wewe ungesema uliona?"

"Hapana."

"Basi. Na mimi sikusema."

Alikuwa anasema kweli, na hilo lilimuudhi Kuluthum. Ukiwa na waongo kumi kazi ni rahisi, unawabana mmoja mmoja mpaka mmoja wao apasuke. Hapa alikuwa na watu wawili wakweli ambao hadithi zao hazikukutana popote. Alimshukuru Sitati, akaenda maabara, maana muda ulikuwa unayoyoma na pale ndipo kesi ingeamuliwa.

Profesa Wangare alikuwa ameagiza slaidi kumi na mbili nyingine za striatamu ya Koko zitengenezwe upya, mbele ya shahidi asiyekuwa wa Kituo. Shahidi huyo alikuwa Kuluthum, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Vipande vilikuwa vimelala usiku kucha kwenye kingamwili, dawa inayoshikamana na seli za dopamini peke yake. Vililala ndani ya friji iliyofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulilala chini ya mto wa Kuluthum nyumbani kwake Bondeni. Kilichobaki ni rangi ya mwisho, ile inayogeuza kila kilichoshikwa na kingamwili kuwa kahawia. Seli zikitokea, Cheruto amepona. Zisipotokea, itakuwa mara ya pili, na hakuna kamati inayongoja ya tatu.

Fundi alikuwa tayari anavaa glavu. Mzee Hafiz alikuwa na miaka hamsini na minane, kofia nyeupe kichwani na miwani iliyofungwa uzi. Mababu zake walikuja Nakuru kutoka Pwani enzi za kujengwa kwa reli, na yeye aliifanya kazi hiyo ya kukata na kupaka rangi miaka thelathini. Kuluthum alimfahamu kwa kumwona msikitini tangu utotoni.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam, binti yangu. Umekuja kunifunga pingu?"

"Nitakufunga baada ya chai. Nionyeshe kitabu kwanza."

Kitabu cha maabara kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko mmoja, mzuri, wa kulala upande. Kuluthum aliweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Tarehe 18 mwezi wa tatu, slaidi za Daktari Cheruto. Ukurasa wa pili. Tarehe 15 mwezi wa nne, slaidi za Daktari Sitati. Alisoma mstari kwa mstari, mara hapa mara kule. Chupa ya kingamwili ile ile, namba ile ile. Maji yale yale. Joto la friji lile lile. Mstari wa mwisho, kwenye kurasa zote mbili: *Rangi, mpaka itoke.*

"Hizi kurasa ni mapacha," alisema.

"Kazi ni moja. Mimi sina mkono wa Cheruto na mkono wa Sitati."

"Naamini. Lakini hii mstari ya mwisho. Mpaka itoke. Utajuaje imetoka?"

Mzee Hafiz aliinua kibeba-slaidi kidogo cha kioo. Ndani yake mlikuwa na slaidi kumi na nne.

"Hizi kumi na mbili ni striatamu. Hii ya pembeni ni shina la ubongo, yenyewe ina hizo seli mingi sana. Naichovya pamoja na zingine. Nikiona imekolea, najua dawa imefanya kazi."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo haikuguswa na kingamwili. Inafaa ibaki safi. Ikigeuka kahawia, ujue rangi yenyewe imechafua, si seli."

"Hata zile siku zingine mbili uliweka hiyo safi?"

"Kila siku, miaka thelathini. Ziko kwa kabati. Zote safi kama sahani ya bibi harusi."

Kuluthum alizitafuta, akazipata, akaziinua kwenye mwanga. Zilikuwa safi, ile ya mwezi wa tatu sawa na ile ya mwezi wa nne. Aliandika hilo pia.

Saa nne kasoro dakika kumi, Mzee Hafiz alisema bismillahi na kuzamisha slaidi zote kwenye bakuli la rangi. Daktari Cheruto aliingia, akasimama nyuma ukutani. Daktari Sitati aliingia naye, akasimama ukuta wa pili. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nje ya dirisha viazi vya jirani vilikuwa vimechanua maua meupe na mtu fulani alikuwa anamfokea punda kwa Kikuyu.

Dakika ya tano, slaidi ya shina ilianza kuonyesha ukanda wa kahawia. Dakika ya nane ulikuwa umekolea. Zile kumi na mbili zilikuwa na rangi ya maji ya mchele, basi.

"Inachukua muda gani kwa kawaida?" Kuluthum aliuliza.

"Haina muda mrefu. Mama Wamuyu akigonga chuma, iko tayari. Tena leo nasikia harufu ya iliki."

Dirisha la jikoni lilitazamana na la maabara, na Wamuyu, mpishi wa Kituo, hakuwa mtu wa kuacha jina lake litajwe bila kujibu.

"Hafiz!" alipaza sauti akiwa upande wa pili, mkono mmoja umeshika mwiko. "Leo mandazi ni ya kwako! Usinifanyie kama ule mwezi. Nilikuwa nakaanga, nakaanga, nashindwa huyu mzee wangu ataniangusha mpaka lini!"

"Ule mwezi ulikuwa wa Mungu, mama!"

"Hata Mungu anajua mandazi zikipoa si mandazi!"

Akacheka mwenyewe, akaichukua nondo yake na kugonga kile kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni pa jikoni, mara nne, kwa nguvu za mtu aliyekula vizuri. Ilikuwa saa nne kamili. Katika Kituo hicho unaweza kukosa mkutano, unaweza kukosa hata mshahara ukavumilia, lakini chai ya saa nne hakuna aliyewahi kuikosa akiwa na afya. Milango ilifunguka kote barazani. Mzee Hafiz alinyoosha mkono kwenye bakuli ili azitoe slaidi.

"Mzee, usiguse!"

Kuluthum mwenyewe alishtuliwa na sauti yake. Mkono wa mzee ulisimama hewani. Kuluthum alikuwa ameinama juu ya kile kitabu, kidole kimekazwa kwenye tarehe kumi na nane.

"Mwezi wa tatu," alisema. "Chuma ilipolia siku hiyo, ulienda wapi?"

"Si nilienda…" Mzee Hafiz alianza, akaacha. "Sikuenda mahali. Nilikuwa nimefunga."

"Ilikuwa Ramadhani."

"Ramadhani katikati."

"Hata mimi nilikuwa nimefunga na nimeisoma hii tarehe siku tatu bila kuona! Sasa niambie polepole. Wengine wakaenda chai. Wewe?"

"Mimi nikabaki hapa. Niende jikoni kunusa mandazi ya watu nikiwa na njaa? Nikakaa kwa hiyo stuli. Nikasoma Kurani, moyoni tu. Nusu juzuu. Nilikuwa nimejiwekea nusu juzuu, kurasa kumi, kila asubuhi."

"Na slaidi?"

"Zikiwa ndani ya rangi." Mzee alishusha mkono taratibu. "Nikasema acha nimalize kusoma ndiyo nizitoe. Sikuwa na haraka ya kwenda mahali."

"Nusu juzuu ni dakika ngapi?"

"Nikisoma kwa utulivu, ishirini."

"Na tarehe kumi na tano mwezi wa nne?"

"Idd ilikuwa imepita wiki mbili." Sasa mzee alikuwa ameielewa, na uso wake ulikunjamana kwa aibu na kufunguka kwa furaha kwa wakati mmoja. "Nilienda chai, binti yangu. Chuma ililia, nikatoa slaidi, nikaenda chai."

Kuluthum aliwageukia madaktari.

"Daktari Cheruto, wewe slaidi zako zilikaa dakika thelathini. Daktari Sitati, zako zilikaa kumi. Na kwa kitabu yote ni mpaka itoke. Hakuna mwongo hapa ndani. Kuna mtu alifunga na mtu alikunywa chai, na ni huyo huyo mmoja."

Cheruto alishika ukingo wa meza.

"Seli za shina ni kubwa, zinakolea haraka," alisema, maneno yakimtoka kwa kasi. "Hizi za striatamu ni ndogo, dopamini yake ni kidogo. Lazima zichelewe. Sikuwahi kufikiria kuuliza, mimi nililetewa zikiwa tayari!"

"Ngoja," Sitati alisema. Alikuwa amesogea mpaka kwenye bakuli bila kujua. "Hiyo haitoshi. Ukiacha kitu kwa rangi muda mrefu, kila kitu itageuka kahawia. Hata kucha zangu."

"Swali zuri," Kuluthum alisema kwa furaha ya kweli, kwa sababu alikuwa na jibu lake. "Ile slaidi isiyoguswa na kingamwili ya mwezi wa tatu nimeishika asubuhi hii. Ilikaa dakika thelathini kama zingine. Ni safi. Na ya leo iko hapo ndani. Tutaiangalia."

Sitati alifikiri, akaitikia kwa kichwa mara moja. "Basi tungoje."

"Tungoje. Na tungoje sawasawa na siku ile. Mzee Hafiz, nitaomba nusu juzuu."

"Ile ile?"

"Ile ile, kama unaikumbuka."

"Kukumbuka?" Mzee alikaribia kukasirika. Alivua glavu, akaivuta stuli, akakaa, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Kuluthum aliiweka kando saa ya simu yake, iliyokuwa ikihesabu tangu slaidi zizamishwe, maana dini ni dini na ushahidi ni ushahidi.

Dakika ya kumi na tano Wamuyu aliingia bila kubisha, birika mkono mmoja na sinia ya mandazi mkono mwingine.

"Haki ya Mungu, ni nini mbaya? Nimegonga mpaka punda wa jirani amekuja! Profesa amekaa peke yake kule kama mgeni. Kuna mtu amekufa?"

"Shh," watu watatu walimwambia.

Alimtazama Hafiz anavyosogeza midomo, akatazama bakuli, akatazama uso wa Cheruto. Akaweka sinia chini polepole.

"Anaombea slaidi?" alinong'ona.

"Anapima muda," Kuluthum alimjibu. "Muite Profesa. Aje na kikombe chake, lakini aje."

Profesa Wangare, mama mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na kichwa, alifika dakika ya ishirini na mbili, kikombe mkononi kama alivyoagizwa. Kuluthum alimweleza kwa sentensi tano. Profesa alisoma kurasa mbili za kitabu, akavua miwani, akaisafisha, akaivaa, akazisoma tena.

"Miaka kumi na miwili nimekuwa naweka saini hii 'mpaka itoke'," alisema hatimaye. "Makosa ni yangu kwanza."

Dakika ya thelathini Mzee Hafiz alifunga dua yake, akapangusa uso kwa viganja, akainuka. Saa ya simu ilionyesha thelathini na sekunde arobaini. Alizitoa slaidi, akaziosha, akazipitisha kwenye spiriti, akazifunika vioo moja baada ya nyingine kwa mikono iliyozoea. Cheruto alisogea kwenye hadubini. Kuluthum alimzuia kwa kiganja.

"Pole, daktari. Aliyekataa ndiye ataanza."

Sitati alikaa. Kwanza aliitaka ile slaidi isiyoguswa na kingamwili. Aliikagua kutoka pembe hadi pembe, bila haraka, huku Wamuyu akipumua kwa nguvu nyuma yake.

"Safi," alisema. "Hakuna uchafu."

Kisha akaweka ya kwanza ya striatamu. Alizungusha kioo. Alizungusha tena. Kuluthum alimtazama mgongoni, na akaona mabega yale yaliyonyooka tangu asubuhi yakishuka kidogo kidogo.

"Daktari?" Profesa aliuliza.

Sitati aliinua kidole kimoja. Baada ya muda akainua cha pili. Kisha cha tatu, na cha nne, jicho bado limebandikwa pale pale.

"Ni rangi tu?" Kuluthum aliuliza.

"Rangi haina kiini," Sitati alisema. "Rangi haioti matawi. Hii iko na matawi mawili. Hii… Cheruto, kuja uone hii. Imekaa hapa kwa ukingo kama mtu na nyumba yake."

"Toka basi nione!"

"Ngoja kidogo."

"Sitati, ni wiki tatu nimengoja!"

Alitoka, lakini kwa shida, na alisimama nyuma ya kiti chake akiuliza kila sekunde kama ameiona ile ya kushoto. Profesa akaangalia. Mzee Hafiz akaangalia, akasema alhamdulillahi. Wamuyu naye alidai zamu yake. Alifunga jicho lisilofaa, akabadilisha, akatulia.

"Hizi vitu ndiyo zilimrudishia Koko mikono?" aliuliza.

"Hatujui bado, mama," Cheruto alisema. "Pengine. Hiyo ndiyo nataka kutafuta, wakiniacha."

"Mkate yangu yote ile," Wamuyu alisema, "kumbe alikuwa na kiwanda yake ndani."

Wakacheka wote, hata Profesa, na mandazi yaliyopoa yakaliwa pale pale kwa kusimama, jambo ambalo sheria za maabara zinalikataza kabisa. Sitati peke yake hakula. Alikuwa amerudi kwenye hadubini na karatasi na penseli, na hakuna aliyeweza kumwondoa mpaka saa saba na nusu.

Saa nane kamati ilikaa katika chumba cha mikutano: wageni watatu kutoka Nairobi waliovalia suti, Profesa Wangare kwenye kiti cha katikati, na Kuluthum kando na daftari lake. Alitoa ripoti yake kwa dakika sita. Masanduku kamili. Lebo halali. Ufunguo haukutumiwa vibaya. Muda wa rangi haukuandikwa, na muda ndio uliotofautiana. Mmoja wa wageni alimuuliza kama ana uhakika kuhusu tarehe za Ramadhani, naye alimjibu kwamba mtu aliyefunga hasahau.

"Daktari Cheruto," Profesa alisema. "Kwa slaidi za leo, kamati inataka kusikia idadi."

Cheruto alisimama. Alifungua mdomo. Kwa wiki tatu alikuwa amejibu kila swali, la heshima na la matusi, bila sauti kukatika hata mara moja, na sasa alipoulizwa lile rahisi kuliko yote, namba haikutoka. Alijaribu tena. Machozi yalimjaa na akatikisa kichwa, mkono mdomoni.

Kiti kilisukumwa nyuma upande wa pili wa meza. Daktari Sitati alikuwa amesimama, karatasi yake mkononi, kola ya shati imepinda na alama ya duara ya hadubini bado imebaki jichoni.

"Thelathini na nane," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nimezihesabu mimi mwenyewe, mara tatu. Na ile barua yangu ya mashtaka, Profesa, naomba nirudishiwe, kwa sababu huyu mwenzangu aliona kweli."